Kubadilisha Sidii ya Kompyuta Bila Kupoteza Hesabu za Kikundi



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta. Mara nyingi ni ile iliyotoka ofisini au shuleni ikiwa imezeeka, ikaletwa parokiani, halafu ikapewa kikundi. Somo la leo ni la vikundi ambavyo kompyuta yao haitumii Windows, bali inaamka kwa sidii ya Puppy Linux. Tutajifunza jinsi ya kutoka kwa toleo la zamani la Puppy hadi toleo jipya. Lakini ndani ya somo hili kuna jambo kubwa kuliko kompyuta, nalo ni pesa za watu na uaminifu kati yetu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kikundi kina wanachama 25, na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 5,000 kila wiki. Kwa mwaka mzima ni shilingi 260,000. Ongeza mikopo, riba, na faini za kuchelewa mkutanoni. Sasa hesabu hizo zote ziko ndani ya kompyuta. Mtu anaweka sidii mpya, anabonyeza hapa na pale, na asubuhi hesabu hazionekani. Nani atajua mama fulani alikuwa amelipa mkopo wake hadi wapi? Nani atamwamini mweka hazina akisema ni kompyuta iliyokula hesabu? Hapo ndipo ugomvi unapoingia, na kikundi kilichojengwa kwa miaka kumi kinavunjika kwa mwezi mmoja.

Kwa hivyo tusiende mbio. Katibu asome kwa sauti, wengine wasikilize na kuuliza. Tutafuata njia yetu ile ya kawaida: Tazama, Amua, Tenda.

TAZAMA: Tuna kitu gani?

Kompyuta bila programu ya kuiongoza ni kama matatu bila dereva. Windows ni dereva mmoja. Linux ni dereva mwingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, nchini Ufini. Watu wengi wakaungana naye kuiendeleza. Inaruhusiwa kutumiwa, kunakiliwa na kupewa wengine. Kwa hivyo mkiwapa jirani zenu nakala ya sidii ya Puppy hamjaiba kitu cha mtu.

Linux iko ya aina nyingi. Puppy, maana yake mtoto wa mbwa, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Shabaha ilikuwa kupata programu ndogo na nyepesi, inayoweza kuamsha hata mashine ambayo wengine wameshaitupa. Sidii moja ya kawaida hubeba megabaiti 700, lakini Puppy 4 ya mwaka 2008 ilikuwa chini ya megabaiti 100. Leo kazi hiyo inaendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali.

Kuna wanaouliza, mbona tusirudi kwa Windows ambayo watoto wetu wanaijua? Shida ni hii. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows XP mwezi wa Aprili 2014, Windows 7 mwezi wa Januari 2020, na Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025. Windows 11 nayo inakataa mashine nyingi za zamani. Kwa kikundi ambacho hakina pesa ya kununua mashine mpya, Puppy ni msaada wa kweli.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapotelea. Puppy ina sehemu tatu, na kila sehemu ina kazi yake.

Ya kwanza ni sidii yenyewe. Humo ndimo programu zote zilimo. Kompyuta inapowashwa inasoma sidii na kuzipakia programu hizo kwenye memori. Memori ikiwa ya kutosha, zote zinaingia humo, na sidii inaweza hata kutolewa kazi ikiendelea.

Ya pili ni memori. Hii ni kama ubao wa darasani. Mwalimu anaandika na kuhesabu, lakini stima ikipotea ubao umepanguswa.

Ya tatu ni faili ya akiba. Mara ya kwanza unapoizima Puppy, inakuuliza kama unataka kuhifadhi kazi yako. Ukikubali, inatengeneza faili moja kubwa kwenye diski ya ndani ya kompyuta au kwenye fleshi. Ndani ya faili hiyo kuna mipangilio yenu na programu mlizoongeza. Kama hamkupanga vingine, barua na hesabu zenu pia zimo humo. Jina lake huwa na neno “save” na hufuata jina la toleo, kwa mfano lupusave, precisesave au tahrsave. Andikeni jina la faili yenu nyuma ya daftari la katibu leo hii.

Kwa ufupi, sidii ni nyumba ya kukodi, na faili ya akiba ni vyombo vyenu. Kuhama nyumba si vigumu. Vigumu ni kuhama kisha ukakuta sufuria zimebaki kule nyuma.

Kutoka hapa tunaelewa kwamba kubadilisha toleo la Puppy si kama kutia kiraka kwenye shati. Unaleta sidii nyingine nzima, na ile ya kwanza unaiweka kando. Jambo la kufikiria kwanza ni vyombo, halafu nyumba. (Vikundi vichache huhifadhi kazi kwenye sidii ile ile ya kuamshia, maana Puppy inaweza kufanya hivyo. Ninyi msiitupe sidii ya zamani hata kidogo, kwa sababu vyombo vyenu vimo ndani yake.)

AMUA: Je, tunahitaji toleo jipya?

Kitu kipya si lazima kiwe bora kwenu. Kabla ya kutafuta sidii mpya, kikundi kijiulize maswali haya.

Je, tunatumia intaneti? Kama ndiyo, hii ni sababu ya maana. Programu za zamani za kufungulia intaneti zina nyufa ambazo wezi wameshazijua, na kurasa nyingi za siku hizi zinakataa kufunguka humo. Mtu anayefungua mambo ya benki au ya serikali kwa programu ya mwaka 2010 ni kama amelala na mlango wazi.

Je, kuna kifaa kipya ambacho kompyuta imekataa kukitambua, kama printa au modemu? Toleo jipya huenda likakitambua.

Je, mashine yetu ina nguvu ya kulibeba toleo jipya? Programu zimeendelea kunenepa. Fossapup64 ya mwaka 2020, ambayo bado ni Puppy, imepita megabaiti 400, na inataka memori kubwa zaidi kuliko zile za kwanza. Tena kuna mashine za biti 32 na za biti 64. Toleo la biti 64 haliwezi kuamka kwenye mashine ya biti 32. Toleo la biti 32 kwa kawaida linaamka kwenye zote mbili. Kama mashine yenu ni kuukuu sana, tafuteni toleo la biti 32.

Je, mashine haiendi kwenye intaneti kabisa, inapiga chapa barua na kujumlisha michango tu, na yote yanaenda sawa? Basi iacheni. Si aibu kubaki na toleo la zamani. Fanyeni nakala za hesabu zenu, mkae kwa amani.

Uamuzi huu usifanywe na kijana mmoja anayejua kompyuta, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Uletwe mkutanoni, uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na wateuliwe watu wawili wa kufanya kazi hiyo pamoja. Puppy kwa kawaida humpa yeyote aliyekaa mbele yake mamlaka yote bila kumwuliza neno la siri. Anaweza kufuta faili yoyote. Kwa hivyo macho manne ni bora kuliko mawili, na ujuzi ukiwa kwa watu wawili haupotei mmoja akipata kazi Nairobi.

TENDA: Hatua sita

Chagueni siku ambayo stima ni ya uhakika. Jioni ya mvua na radi haifai. Siku ya kugawa pesa pia haifai, maana watu wana haraka.

Hatua ya 1. Andikeni kwenye daftari.
Kabla ya kugusa kitu, mweka hazina aandike kwa kalamu jina la kila mwanachama, akiba yake, na deni lake kama lilivyo siku hiyo. Mwenyekiti na katibu watie sahihi. Karatasi haihitaji stima. Hata mambo yote yakiharibika, kikundi kitaanza tena kutoka kwa ukurasa huo.

Hatua ya 2. Nakilini faili ya akiba ikiwa imelala.
Puppy ikiwa inafanya kazi kwa kawaida, faili ya akiba inatumika na kuandikwa muda wote. Ukiinakili wakati huo unaweza kupata nakala mbovu. Kwa hivyo zimeni kompyuta, kisha iwasheni kwa sidii ya zamani. Mwanzoni kabisa, skrini inapongojea, andikeni maneno haya:

puppy pfix=ram

Kisha bonyezeni Enter. Matoleo mengine yana orodha, na humo mtaona mstari wenye maneno hayo ya pfix=ram; chagueni huo. Maana yake ni kuiambia Puppy, “Amka, lakini faili ya akiba usiiguse.” Skrini itaonekana kama ya mara ya kwanza, bila mambo yenu. Msiogope, vyombo viko salama. Kwa chini kwenye skrini mtaona alama za diski. Bonyezeni mara moja tu kwenye alama ya diski ya ndani, mtaiona faili ya akiba. Inakilini kwenye fleshi. Ifungeni fleshi kwa utaratibu kabla ya kuichomoa, maana ikichomolewa ghafla nakala inaweza kuharibika.

Halafu fanyeni jambo ambalo wengi huliruka. Bonyezeni ile nakala iliyo kwenye fleshi. Puppy itaifungua kama folda. Tafuteni hesabu zenu ndani yake (mara nyingi ziko chini ya root, kwenye my-documents), mzifungue, na kuzilinganisha na daftari. Msipozifungua, hamwezi kusema mna nakala. Mkiweza, wekeni nakala ya pili kwenye fleshi nyingine, na fleshi hizo mbili zilale kwa nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 3. Pateni sidii mpya.
Toleo jipya linapatikana kwenye intaneti kama faili moja ambayo jina lake linaishia na .iso. Kama mnaenda saiba, chukueni fleshi tupu. Ile yenye hesabu za kikundi ibaki nyumbani, kwa sababu majina ya wanachama na madeni yao si mambo ya kutembezwa kwenye mashine za watu.

Pamoja na faili hiyo, wenye kuitoa huandika mstari mrefu wa herufi na tarakimu wa kuihakiki. Kompyuta inaweza kuipima faili mliyopata na kutoa mstari wake. Mistari miwili ikifanana, faili imefika nzima. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, kuna kitu kimepotea njiani, ipakueni tena.

Kuchoma sidii kuna namna yake. Faili ya .iso lazima ichomwe kama picha ya sidii nzima. Isiwekwe tu kama mtu anavyoweka wimbo au barua. Mjaribu ni huu: ikimalizika kuchomwa, ifungueni. Mkiona faili nyingi ndani yake, ni sawa. Mkiona faili moja tu yenye .iso, mchomaji amekosea na sidii hiyo haitaamsha kompyuta. Mwambieni aichome kwa mwendo wa pole, maana mashine za zamani husoma vizuri zaidi sidii iliyochomwa pole pole. Juu yake andikeni jina la toleo na tarehe kwa kalamu laini ya wino, si kwa biro inayokwaruza.

Hatua ya 4. Jaribuni sidii mpya bila kugusa akiba.
Huu ni uzuri wa Puppy ambao hamuwezi kuupata kwa programu nyingi. Mnaweza kukaa ndani ya nyumba mpya kabla ya kulipa kodi. Wekeni sidii mpya, iwasheni kwa yale maneno ya puppy pfix=ram, kisha mpime. Skrini inasomeka? Kibodi na mausi vinafanya kazi? Printa inachapa? Modemu inashika? Fungueni nakala ya hesabu kutoka kwa fleshi. Je, inafunguka na jumla ni zile zile? Mwendo wa mashine unavumilika? Kama jibu ni hapana, zimeni na mrudishe sidii ya zamani. Hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 5. Chagueni njia ya kuhamia.
Kama toleo jipya ni la ukoo ule ule na jina lile lile, na limesogea hatua ndogo tu, iwasheni sidii mpya kwa kawaida. Itaiona faili ya akiba ya zamani na kuirekebisha ili ilingane nayo. Lakini faili ikisharekebishwa hivyo, msijaribu kuirudisha kwa sidii ya zamani. Mkitaka kurudi nyuma, tumieni nakala ya hatua ya 2. Ndiyo maana hatua ile hairukwi.

Kama toleo jipya ni la ukoo mwingine, kwa mfano mnatoka Tahr mnaenda Fossapup, msilazimishe faili ya zamani kuingia ndani ya sidii mpya. Mnaujua mfano wa Bwana wetu kuhusu divai mpya na viriba vikuukuu. Mipangilio ya zamani na programu mpya zitagombana, na kompyuta itaanza kukwama. Tengenezeni faili mpya ya akiba mnapoizima mara ya kwanza, kisha mhamishe hati zenu peke yake.

Hapa watu wengi hushtuka. Kila ukoo wa Puppy hutafuta faili yenye jina lake. Fossapup haitafuti tahrsave. Kwa hivyo mkiwasha sidii mpya mtaona skrini tupu, hakuna barua wala hesabu. Mtu akipiga kelele kwamba vitu vimefutika, mtulizeni. Viko palepale kwenye diski, ndani ya faili ya zamani. Ibonyezeni hiyo faili ya zamani, itafunguka, mchukue hati zenu.

Msizirudishe hati hizo ndani ya faili mpya ya akiba. Fungueni folda kwenye diski yenyewe, iitwe KIKUNDI, mziweke humo. Faili ya akiba ina ukubwa wake uliopimwa; ikijaa au ikiharibika inazama na kila kilichomo. Hati zikiwa nje, safari nyingine mtabadilisha sidii bila hofu yoyote.

Hatua ya 6. Linganisheni, kisha mngoje.
Mweka hazina asome jumla ya kila mwanachama kutoka kwa kompyuta, katibu afuate kwenye daftari. Zikipatana, andikeni kwenye kumbukumbu kwamba kazi imekamilika. Sidii ya zamani na nakala ya faili ya zamani zifungwe pamoja kwenye bahasha moja, mbali na jua na vumbi, kwa miezi mitatu au zaidi. Moja bila nyingine haifai sana. Mkiwa nazo zote mbili mna njia ya kurudi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kompyuta yetu ikiibiwa usiku wa leo, ni nani kati yetu anayeweza kusema kesho kila mwanachama ana akiba ya kiasi gani? Atatoa habari hizo wapi?
2. Ni watu wangapi katika kikundi wanaojua kuiwasha kompyuta na kufungua hesabu? Kama ni mmoja tu, tutafanya nini ili wawe wawili?
3. Tukitazama kazi tunayofanya kwa kompyuta, je, tunahitaji toleo jipya, au tunataka tu kwa sababu wengine wanalo?
4. Mwanachama wa kawaida anaruhusiwa kuona hesabu zake mwenyewe wakati gani? Je, anajua hivyo?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Hata kama hamna mpango wa kubadilisha sidii mwaka huu, fanyeni hatua ya 1 na ya 2 wiki hii. Mkutano ujao, mweka hazina alete daftari na fleshi, na mmoja wa wanachama asiye wa kamati achague majina matatu yoyote. Daftari na fleshi zikitoa jibu moja kwa majina yote matatu, mshukuruni Mungu, na mpigieni mweka hazina makofi. Zisipopatana, mmepata kazi ya mkutano huo, na ni afadhali mmeijua sasa mkiwa bado mnaelewana.